Utii Unaosikiliza: Tunachojifunza kwa Mtakatifu Benedikto

Wapendwa waamini, siku ya upadirisho wetu sisi mapadre tulipiga magoti, tukaweka mikono yetu ndani ya mikono ya Askofu, tukaahidi heshima na utii. Tendo hilo huchukua dakika chache. Kulitimiza huchukua maisha yote. Nanyi mnaishi utii katika familia, katika Jumuiya Ndogo Ndogo na katika halmashauri ya parokia. Tujiulize basi pamoja: je, kutii ni kunyamaza na kutenda kila linaloagizwa?

Lugha yetu inatupa mwanga. Mtoto mkaidi twasema "hasikii", ingali masikio yake ni mazima. Neno la Kilatini la kutii nalo limetokana na kitenzi cha kusikia. Mtakatifu Benedikto, aliyezaliwa Nursia, Italia, mnamo mwaka 480, aliianza Kanuni yake kwa kumwalika mwanafunzi asikilize. Kanuni hiyo yenye sura 73 inawaongoza wamonaki hadi leo, wakiwemo wa Peramiho na Ndanda hapa Tanzania.

Sura ya 7 inaufananisha unyenyekevu na ngazi yenye vidato 12: anayejikweza hushuka, anayejishusha hupanda. Hapo ndipo utii unapopata mizizi yake. Mwenye kiburi husikia sauti yake tu; mnyenyekevu anajua kwamba Mungu aweza kusema naye kwa kinywa cha mwingine.

Adui wa utii huo ni manung'uniko, na sura ya 5 inayakemea waziwazi. Twayafahamu. Kikaoni tunaitikia, "Ndiyo, Baba". Tukifika nje, chini ya mwembe, tunaanza kikao cha pili cha kulaumu yale tuliyoyakubali. Midomo imetii, moyo umekataa. Wala sisi mapadre hatuko salama: barua ya uhamisho tunaipokea kwa tabasamu, kisha tunaibeba kwa uchungu miaka mingi.

Benedikto anatuonyesha njia nyingine katika sura ya 68. Ndugu akipewa kazi inayozidi nguvu zake, aipokee kwanza kwa upole. Akiona kweli haiwezi, amweleze mkubwa wake sababu zake kwa saburi na kwa wakati ufaao, bila kiburi wala ubishi. Agizo likibaki lile lile, atii akitumainia msaada wa Mungu. Kwa hiyo kusema ukweli mbele ya mkubwa ni sehemu ya utii wenyewe. Naye kiongozi ana wajibu wake: sura ya 3 inamtaka Abate aite jumuiya yote katika mambo mazito, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Paroko asiyesikiliza waamini wake hawezi kuwafundisha utii.

Tena utii una mpaka: hakuna mwanadamu awezaye kutuagiza kutenda dhambi. Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake walimtumikia Kabaka Mwanga kwa uaminifu, lakini walipotakiwa kutenda uovu na kuiacha imani walikataa, wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Vivyo hivyo, kuficha wizi wa michango au mateso ya mtoto kwa kisingizio cha kumheshimu mkubwa si utii. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake "Vos estis lux mundi" ya mwaka 2019, aliwaagiza mapadre na watawa kutoa taarifa bila kukawia wanapopata habari za unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya watoto. Mwamini anayesema ukweli huo halisaliti Kanisa, analitumikia.

Kielelezo chetu ni Kristo, aliyejinyenyekeza akatii hata mauti ya msalaba (Flp 2:8). Naye bustanini alimweleza Baba hofu yake kwanza, kisha akajikabidhi kwa mapenzi yake (Lk 22:42). Bikira Maria aliuliza swali kabla ya kujitoa kuwa mtumishi wa Bwana (Lk 1:34-38). Wote wawili walisema ukweli wao, wakasikiliza, wakajitoa wazima, bila kunung'unika.

Juma hili, kila mmoja wetu akumbuke agizo moja analolitimiza kwa manung'uniko. Alipeleke kwanza katika sala, kisha kwa mhusika, aseme naye kwa upole, uso kwa uso. Mtakatifu Benedikto, utuombee.