MIT, chuo ambacho kozi hutajwa kwa namba

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki akiulizwa anasoma kozi gani, hutaja jina: sheria, ualimu, uhandisi. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, swali hilo hujibiwa kwa namba. Anayesema "nane" anasoma fizikia, na anayesema "kumi na nane" anasoma hisabati.

Utaratibu huo huwachanganya wageni, lakini kwa anayeuelewa ni ramani ya chuo kizima. Umuhimu wake umevuka mipaka ya Marekani tangu mwaka 2002, chuo hicho kilipoanza kuweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, kupitia mpango wa OpenCourseWare. Masomo hayo hutambulishwa kwa namba zilezile.

Kila idara ina namba yake. Uhandisi ujenzi na mazingira ni 1, uhandisi mitambo ni 2, usanifu majengo ni 4, kemia ni 5, uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta ni 6, baiolojia ni 7, uchumi ni 14 na uhandisi wa nyuklia ni 22.

Namba hizo si daraja la ubora, wala hazionyeshi kitivo ambacho idara imo. Kitivo cha Sayansi, kwa mfano, kina idara za 5, 7, 8, 9, 12 na 18, zilizotawanyika katikati ya zile za uhandisi.

Namba ya somo huandikwa baada ya nukta. Hivyo 18.01 ni somo la idara ya hisabati, nalo ni kalkulasi ya mwanzo, na 18.02 ndilo linalofuata. Vilevile 8.01 ni mekanika, na 8.02 ni umeme na usumaku.

Hapo ndipo penye mtego. Katika vyuo vikuu vingi tarakimu ya kwanza ya somo huonyesha mwaka wa masomo, yaani 100 kwa mwaka wa kwanza na 200 kwa mwaka wa pili. MIT haina kanuni hiyo. Namba peke yake haimwambii mwanafunzi kama somo ni jepesi au gumu. Kinachomwongoza ni orodha ya masomo tangulizi. Anayetaka 8.02, kwa mfano, hutakiwa awe amepita 8.01 na kalkulasi ya mwanzo.

Kila somo pia lina tarakimu tatu zinazoeleza uzito wake. Somo la 18.01 huandikwa 5-0-7: saa tano za darasani kwa wiki, sifuri za maabara na saba za kujisomea. Jumla ni uniti 12, yaani saa 12 za kazi kila wiki. Mwanafunzi anayechukua masomo manne ya aina hiyo anajua mapema kwamba atahitaji saa 48.

Namba hizo pia hubeba historia. Leo hakuna idara ya 13 wala ya 19. Namba 13 ilikuwa ya uhandisi wa bahari, idara iliyounganishwa na uhandisi mitambo mwaka 2005. Namba 19 ilikuwa ya elimu ya hali ya hewa, ambayo mwaka 1983 iliunganishwa na sayansi za dunia, idara ya 12.

Badiliko kubwa la karibuni lilitokea mwaka 2022 katika idara ya 6, ambayo masomo yake yalikuwa yameongezeka mno hata namba za zamani hazikuonyesha tena mpangilio wake. Masomo yakapewa tarakimu nne baada ya nukta, na somo la algorithimu lililojulikana kama 6.006 likawa 6.1210.

Badiliko hilo linamhusu pia anayejifunza akiwa Mwanza au Mombasa. Mihadhara iliyorekodiwa kabla ya mwaka huo hubeba namba za zamani, wakati orodha ya sasa ya chuo inatumia namba mpya. Asiyejua hivyo anaweza kudhani somo limefutwa, au akasoma somo moja mara mbili.

Mwanafunzi aliyeko chuoni anaye mshauri wa masomo wa kumrekebisha akikosea. Anayejisomea nyumbani hana mtu huyo. Akianza 8.02 bila kupitia 8.01, atakwama katika wiki za mwanzo, na huenda akadhani kwamba fizikia imemshinda, kumbe ameingia kwa mlango usio wake.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mhadhara wa kwanza, ni vema msomaji atazame mambo matatu: namba ya idara, masomo tangulizi, na saa ambazo somo litamdai kila wiki.