Mbwa Doberman: fikiri mbele ya kununua

Ndugu mfanyakazi, wezi wanasumbua na wewe unataka mbwa Doberman alinde nyumba wakati uko kazini usiku. Ni vema. Lakini fikiri kwanza.

Mbwa huyu alitoka Apolda, katika Ujerumani. Miaka ya 1880 mtoza kodi mmoja, Louis Dobermann, alianza kuzalisha mbwa wa kulinda mtu. Dume anafika kilo 40 na zaidi. Akirukia mtoto, hata kwa mchezo, mtoto anaanguka.

Basi, ujiulize:

Lupango yako imefungwa vizuri? Nani atatembea naye kila siku? Mbwa wa kufungwa mnyororo mchana na usiku anakuwa mkali, na anaweza kuuma mtoto wako ao wa jirani.

Mshahara utatosha kwa chakula na sindano, miaka 10? Manyoya yake ni mafupi. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inamtesa. Lazima alale ndani.

Achanjwe kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mbwa yeyote akiuma mtu, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, halafu kimbia hospitali siku ile ile. Ugonjwa ukionekana, karibu hakuna anayepona.

Kama jibu moja ni hapana, acha. Mbwa mdogo mwenye kubweka na kufuli nzuri vitakusaidia.

Usalama unaanza nyumbani.