Vidonge vya Vitamini na Mapafu ya Mvutaji

Madukani mwa dawa, Jinja kama Mbale, vidonge vya vitamini huuzwa bila cheti cha daktari. Askari anayevuta sigara huambiwa kwamba vitamkinga mapafu. Maneno hayo ni ya hatari.

Mwaka 1985 wataalamu wa Finland walianza kuwachunguza wanaume 29,133, wote wavutaji wa sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 20 za betakarotini, yaani kile kitu kinachoipa karoti rangi yake, na ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ilitarajiwa kuwa saratani ya mapafu ingepungua, kwani ilikwisha kuonekana kwamba walaji wakubwa wa mboga na matunda huipata kwa nadra. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalikuwa kinyume: waliomeza betakarotini walipatwa na saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Huko Marekani, uchunguzi wa watu 18,314, wavutaji pamoja na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbestosi, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake. Humo betakarotini ilichanganywa na vitamini A, na ongezeko lilikuwa asilimia 28.

Hata hivyo, miongoni mwa Wafini hao hao, waliokuwa wakila betakarotini nyingi katika chakula cha kawaida kabla ya uchunguzi kuanza ndio waliopatwa kwa uchache. Basi lawama haiviangukii viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo wakulima wa Kamuli, jirani na Jinja, na wa Bukedea, upande wa Mbale, waligawiwa mbegu zake kuanzia mwaka 2007. Wala haiyahusu matone ya vitamini A wanayopewa watoto kila miezi sita. Hayo hukinga upofu, na wazazi kambini wasiyakatae.

Maafisa wenye umri mkubwa nao wajue habari ya vitamini E. Katika uchunguzi wa wanaume 35,533 huko Marekani na Kanada, ilibainika mwaka 2011 kwamba walioimeza peke yake kwa kipimo kikubwa walipatwa na saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Mvutaji aliyekwisha kununua chupa na asome kibandiko chake. Akiona betakarotini, aache kuimeza, aipeleke kwa mganga wa kikosi.