Nani Aitwe Kwenye Tenisi ya Wakongwe?

Januari 2003, kwenye robo fainali ya Australian Open jijini Melbourne, Andy Roddick wa Marekani na Younes El Aynaoui wa Moroko walicheza karibu saa tano kabla mshindi hajapatikana. Seti ya tano peke yake ilikula zaidi ya saa mbili na kuishia 21–19 kwa Roddick. Walipokuwa wameshachoka kabisa, waliwapa raketi vijana waokota mipira wapige kidogo badala yao, na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

Siku chache baadaye ikaja fainali. Andre Agassi alimchapa Mjerumani Rainer Schüttler 6–2, 6–2, 6–1.

Waliofuatilia mashindano yale wanaikumbuka zaidi ile robo fainali. Hata hivyo, kwa vigezo vilivyozoeleka kwenye mashindano ya wakongwe, Schüttler ana haki ya kualikwa kwa sababu alifika fainali, na El Aynaoui hana. Mmoroko huyo alipanda hadi nafasi ya 14 duniani, lakini hakuwahi kuvuka robo fainali ya Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi. Hapo ndipo unapoanzia mjadala wa nani, kati ya mamia ya wachezaji wanaotundika raketi, anastahili kuitwa tena mbele ya mashabiki wanaolipa kiingilio.

Mizunguko ya wakongwe ilipata nguvu kupitia Jimmy Connors. Mwaka 1991 Mmarekani huyo alikuwa ameporomoka hadi nafasi ya 174 duniani, na aliingia US Open kwa nafasi ya mwaliko. Siku aliyotimiza miaka 39 alimtoa Aaron Krickstein katika seti tano, kisha akasonga mbele hadi nusu fainali. New York ilisimama kwa ajili yake. Ikawa wazi kwamba watu wako tayari kumlipia mzee wanayemjua, na mwaka 1993 Connors alishirikiana na Ray Benton kuanzisha mzunguko wa wachezaji wenye miaka 35 na kuendelea. Björn Borg, aliyeiacha tenisi mwaka 1983 akiwa na miaka 26 tu na mataji 11 ya Grand Slam, alikuwa miongoni mwa waliorudi.

Kutoka hapo tenisi ya wakongwe ikasambaa. Kuanzia mwaka 1997 na kwa zaidi ya miaka 20, ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, unaofahamika zaidi kwa muziki, ulitandikwa uwanja wa tenisi kila Desemba ili wakongwe wacheze. Nchini Marekani, Jim Courier alianzisha mfululizo wake wa mashindano ya wakongwe katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2007 akamrudisha Pete Sampras, ambaye mechi yake ya mwisho ya ushindani ilikuwa fainali ya US Open ya mwaka 2002.

Kwenye mashindano mengi ya aina hii huitwa wachezaji wanane tu. Hugawanywa makundi mawili, kila mmoja hucheza mechi tatu, na vinara wa makundi hukutana fainali. Wakifungana seti moja moja, seti ya tatu haichezwi. Huamuliwa kwa tai-breki ya pointi kumi ili magoti yasiteswe. Courier baadaye alifupisha zaidi: wachezaji wanne, usiku mmoja, nusu fainali mbili za seti moja moja na fainali ya seti moja. Katika mpangilio kama huo, mchezaji mmoja aliyekuja bila mazoezi anaharibu sehemu kubwa ya onyesho. Ndiyo maana orodha ya walioitwa ina uzito zaidi kuliko kwenye Grand Slam, ambako wachezaji 128 wanaanza na dhaifu huondoka raundi ya kwanza.

Vigezo vilivyotumiwa na mzunguko wa mabingwa wa ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, ni vitatu. Mchezaji awe aliwahi kuwa namba moja duniani, au alifika fainali ya Grand Slam ya mmoja mmoja, au alicheza mechi za mmoja mmoja kwenye timu ya taifa iliyotwaa Kombe la Davis. Mfululizo wa Courier ulilegeza kidogo: badala ya namba moja, ilitosha kuwahi kuingia tano bora. Waandaaji wa ATP nao waliachiwa nafasi mbili za kumwita wamtakaye.

Vigezo hivi vina faida. Vinamzuia mwandaaji asijaze uwanja kwa marafiki zake, na vinampa mnunuzi wa tiketi uhakika kwamba atakayemwona aliwahi kushindana kileleni. Kile cha Kombe la Davis kina busara ya pekee. Guy Forget wa Ufaransa hakuwahi kucheza fainali ya Grand Slam ya mmoja mmoja, lakini mwaka 1991 mjini Lyon ndiye aliyemfunga Sampras na kuipa nchi yake kombe. Ingekuwa dhuluma kumwacha nje.

Tatizo ni kwamba fainali moja inaweza kumfungulia mtu mlango, wakati miaka kumi na zaidi ya kazi nzito haifungui. Mchukue Wayne Ferreira wa Afrika Kusini, aliyefika nusu fainali kwenye Australian Open ile ile ya 2003. Alitwaa mataji 15, alifika nafasi ya sita duniani, na alimfunga Sampras mara sita katika mechi 13. Alicheza Grand Slam 56 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi iliyodumu mpaka Roger Federer alipoipita. Fainali ya Grand Slam ya mmoja mmoja hakuifikia, kwa hiyo hapiti kwa ATP, na kwa kuwa aliishia nafasi ya sita, hapiti kwa Courier pia. Tim Henman, aliyepoteza nusu fainali nne za Wimbledon na kufika nafasi ya nne duniani, anapita kwa Courier na kukwama kwa ATP. London haikuwa tayari kumkosa mtu wake, na Henman alicheza Royal Albert Hall.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kutegemea rekodi peke yake ni Mansour Bahrami. Alizaliwa Iran mwaka 1956, akawa mwokota mipira asiye na raketi, akajifunza kupiga kwa kikaango na mpini wa ufagio. Mapinduzi ya 1979 yalipoifungia tenisi nchini mwake, miaka yake bora ilikuwa inapotea, na ikambidi ahamie Ufaransa. Mwaka 1989 alifika fainali ya wawili wawili ya French Open akiwa na Éric Winogradsky, wakashindwa na Jim Grabb na Patrick McEnroe. Kwa mmoja mmoja hakuvuka nafasi ya 192.

Ni huyo huyo aliyegeuka kipenzi cha kumbi za wakongwe. Bahrami hushika mipira sita kwa mkono mmoja, na bado anaanzisha mchezo kama kawaida. Hupiga mpira ukavuka wavu, ukadunda upande wa mpinzani, kisha ukarudi wenyewe upande wake kwa jinsi ulivyozungushwa. Watoto wasiomjua Borg wala Connors hucheka mpaka machozi. Hakuna kigezo cha rekodi ambacho kingempitisha. Mwaliko wa waandaaji ndio uliomweka uwanjani kwa miongo kadhaa.

Uwezo wa sasa nao upimwe. John McEnroe aliingia kwa jina kubwa, lakini aliendelea kualikwa kwa sababu mkono wake ulikuwa bado unafanya kazi: Februari 2006, siku chache baada ya kutimiza miaka 47, alitwaa taji la wawili wawili la mashindano halisi ya ATP mjini San Jose akiwa na Jonas Björkman. Mwaka huo huo Marcelo Ríos wa Chile, aliyekuwa namba moja duniani mwaka 1998, aliingia kwa wakongwe akiwa na miaka 30 tu na kuwafagia waliomzidi umri. Kumwita kijana kama yeye ni sawa, mradi kundi lake liwe na watu wa rika lake. Mzee wa miaka 50 akipangiwa wa miaka 30, mshindi anajulikana kabla mipira haijafunguliwa kwenye kopo.

Upande wa wanawake ndio uliosahaulika zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 Billie Jean King, Chris Evert na Martina Navratilova walizunguka na mashindano ya magwiji nchini Marekani, lakini hayakudumu kama ya wanaume. Wimbledon huwaalika wanawake wastaafu kwa mechi za wawili wawili, basi. Amanda Coetzer wa Afrika Kusini alimfunga Steffi Graf mara tatu mwaka 1997, mojawapo mjini Berlin kwa 6–0, 6–1, na akapanda hadi nafasi ya tatu duniani. Mchezaji wa namna hiyo angestahili jukwaa la kudumu, na halipo.

Kwa anayetaka kushindana tu, mwaliko hauhitajiki. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lina mashindano ya kila rika kuanzia miaka 30, na yeyote anaweza kujiandikisha. Oktoba 2021 Leonid Stanislavskyi wa Ukraine alicheza ubingwa wa dunia wa wazee huko Mallorca akiwa na miaka 97. Kwenye mashindano ya mwaliko, ambako watu hulipa kutazama, mizani ni nyingine.

Mgawanyo wa haki kati ya nafasi nane ungekuwa hivi: tano zitolewe kwa rekodi, zikiwahesabu pia waliokaa kumi bora kwa miaka mingi, moja iwe ya fundi wa burudani kama Bahrami, moja ya mtu aliyecheza mechi isiyosahaulika, na ya mwisho ibaki kwa nchi mwenyeji. Mashindano yakifanyika Casablanca, El Aynaoui aitwe bila kujadiliwa. Yakija Nairobi, Paul Wekesa, Mkenya aliyefika nafasi ya 100 duniani katika miaka ya 1990, asiombe nafasi hiyo, apewe.

Uamuzi huu hauwezi kusubiri. Federer na Serena Williams waliaga mwaka 2022, Rafael Nadal na Andy Murray mwaka 2024, na hao watajaza uwanja wowote watakaokubali kuingia. Swali ni watakaosimama ng'ambo ya wavu. Gaël Monfils wa Ufaransa alitangaza mwaka 2025 kwamba 2026 ndio mwaka wake wa mwisho. Ni mchezaji anayeruka, anayeserereka, anayepiga mipira ambayo wenzake hawajaribu. Alifika nafasi ya sita duniani na nusu fainali mbili za Grand Slam, na hakuwemo kwenye timu ya Ufaransa iliyotwaa Kombe la Davis mwaka 2017. Kwa vigezo vya zamani anabaki nje kila upande. Waandaaji wanapaswa kuvibadili kabla hajamaliza mechi yake ya mwisho.