Je, Wajua? Mashine za upelelezi kutoka Ziwa Tanganyika hadi Goma

Mwaka 1916 Wabelgiji walirusha ndege za majini aina ya Short kutoka upande wa Kalemie, kaskazini mwa Moba, zikapeleleza na kupiga mabomu bandari ya Kigoma iliyoshikwa na Wajerumani. Ziliazimwa kutoka Uingereza, zikafika ziwani kwa meli, reli na mito. Lakini kila safari mtu alikaa ndani na kuhatarisha roho yake.

Tarehe 3 Desemba 2013, huko Goma, MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilizindua ndege za Falco zilizotengenezwa Italia. Hazikuwa na rubani wala silaha. Kazi yao ilikuwa kuona. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia ndege zake za aina hiyo. Mei 2014 moja iliona boti ikizama Ziwa Kivu, na watu 14 wakaokolewa.

Mjini, hata hivyo, jicho la angani haliingii chumbani. Hapo ndipo roboti za ardhini hufaa. PackBot ya Marekani ina minyororo kama kifaru, na mikono miwili ya mbele inayoisaidia kupanda ngazi na vifusi. Askari hubaki nje akitazama picha za kamera. Septemba 2001 ilipelekwa New York kwenye vifusi vya majengo pacha. Mwaka 2002 ikaingia mapangoni Afghanistan. Tatizo lake kubwa ni kuta nene, kwani hukata mawimbi ya redio na roboti hubaki bila mwongozaji.