Jina baya la faili laweza kuchelewesha mzigo mpakani

Mfanyabiashara anayesafirisha maharage kutoka Nkungu, wilayani Rusizi (zamani Cyangugu), kwenda Bukavu mara nyingi huchapiwa ankara kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Mchapaji yuko dukani, wakala wa forodha yuko mpakani, na mnunuzi yuko ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Faili hiyo moja hupita kwenye barua pepe, simu na flashi kabla ya kuwa karatasi. Jina lake likiwa baya, lori husubiri huku faili ikitafutwa.

Kosa la kwanza hutokana na namba ya ankara. Kwenye vitabu vya risiti ni kawaida kuandika 015/2025, lakini kompyuta hutumia mkwaju kutenganisha folda. Windows hukataa alama tisa katika jina la faili: \ / : * ? " < > |. Kistari hutosha: 015-2025.

Alama nyingine hukubaliwa lakini huleta matatizo baadaye. Majina ya Kifaransa kama "reçu" au "déclaration" yanaweza kufika kwenye kompyuta nyingine yakiwa na alama zisizosomeka. Neno "ng'ombe" nalo lina kiapostrofi, ambacho baadhi ya mitambo ya kupokea faili hukikataa. Ni salama zaidi kutumia herufi a hadi z, tarakimu, kistari (-) na kistari cha chini (_) badala ya nafasi.

Aidha, herufi ndogo zitumike kila mara. Kwa kawaida Windows huhesabu "Ankara" na "ankara" kuwa jina moja, lakini kompyuta zinazotumia Linux huyahesabu kuwa mawili.

Tarehe nayo huchanganya. Kwa Afrika Mashariki 03-04-2025 ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni Machi 4. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-03. Faida yake ni kwamba faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku.

Hatari kubwa zaidi ni majina kama "ankara mpya", "ankara ya mwisho" na "ya mwisho kabisa". Wakala akichukua isiyo sahihi, uzito au bei kwenye ankara hautalingana na tamko la forodha, na mzigo utazuiwa ili ukaguliwe. Kila marekebisho yapewe namba: toleo1, toleo2.

Jina lililo kamili linaweza kuwa hivi:

2025-04-03_ankara_015_maharage_bukavu_toleo2.docx

Herufi baada ya nukta ya mwisho zisifutwe. Ndizo huiambia kompyuta ni programu gani ifungue faili: .doc ni ya zamani, .docx ilikuja na Office 2007. Mpokeaji mwenye programu ya zamani atumiwe .doc.

Herufi hizo pia ni kinga. Mwezi Mei mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa barua pepe kikiwa na faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kompyuta nyingi zilificha mwisho huo wa .vbs, watu wakadhani ni barua ya kawaida, wakaifungua. Vivyo hivyo, faili inayoitwa ankara.doc.exe si ankara bali ni programu, na haifai kufunguliwa.

Mwisho, bei na namba ya simu ya mnunuzi zisiwekwe kwenye jina. Jina husomwa na kila anayeshika flashi, hata asipofungua faili.

Mchapaji, dereva na wakala wakikubaliana mpangilio mmoja wa majina, gharama yake ni dakika chache. Kuukosa kunaweza kugharimu siku nzima mpakani.