Namba ya Njia Siyo Mwelekeo Kamili

Huenda kijana wako hapo Makanyagio, Mpanda, anajifunza kurusha ndege kwa kompyuta. Usimcheke, marubani wa kweli nao hufunzwa ndani ya mitambo ya kuigiza urukaji. Lakini mwulize: akitaka kutua Dar es Salaam katika ukungu, akiongozwa na mawimbi ya redio, mshale wa mwelekeo huuweka nyuzi ngapi?

Njia ya kutua huko huitwa 05. Akijibu "50", amekisia. Namba ya njia ni mwelekeo wa dira uliokadiriwa kwa makumi, sifuri ya mwisho ikaachwa. 05 yaweza kuwa chochote kati ya nyuzi 45 na 54. Tena usumaku wa dunia huhama mwaka hata mwaka.

Mawimbi hayapindi kwa kosa lake. Kinachopinda ni mshale. Akiufuata huo peke yake, kosa la nyuzi 5 katika kilomita 10 humtoa kando mita zipatazo 870.

Basi na asome kwanza ramani mpya ya kutua ya uwanja huo, aweke namba iliyoandikwa humo, ndipo ashuke. Zoea baya la mchezoni, kesho hubeba abiria.